Figa la Katanga

Jikoni kwa Yohani, pale Mwamgongo kando ya Ziwa Tanganyika, kulikuwa na mafiga matatu kama kwa kila mtu. Mawili aliyaokota ufukweni. La tatu lilitoka Katanga: jeusi, lina madoa ya manjano, dogo kama kichwa cha mtoto, lakini ukiliinua kiuno chenyewe kinakuambia liache.

Hilo lilikuwa la baba yake, Ciza. Wabelgiji walimchukua Burundi akiwa kijana bado, wakampeleka kuchimba mawe yale na kuyabeba mabegani, gunia kwa gunia, na hakuna aliyemwambia ni ya nini. Alirudi na kikohozi na jiwe moja, maana mtu hawezi kupotea miaka sita akarudi mikono mitupu. Jiwe likawa figa. Na kwao, mtu akihama anabeba figa moja la jiko la zamani, ili moto usijione mgeni. Ndiyo maana mwaka wa sabini na mbili, watu walipokuwa wanakimbia mauaji ya Burundi na watoto na mikeka, Yohani alivuka mpaka amebeba jiwe.

Siku zile hakujua ni jiwe gani. Alikuja kujua baadaye sana, mtambo wa Warusi ulipopasuka na redio ikawa haina habari nyingine. Mtangazaji akaeleza toka mwanzo: jiwe linaitwa urani, bomu lililoteketeza mji kule Japani lilitiwa mawe ya Katanga, na sasa Wazungu wanachemshia maji wapate umeme. Yohani alilitazama figa lake, juu yake chungu cha maharage, akacheka mpaka mkewe Mélanie akamuuliza kama uzee ndio umeanza. Habari za watu kuugua hakuzitilia maanani. Aliona hayo ni mambo ya mitambo, si ya jiwe la jikoni.

Basi, mwaka wa tisini na saba likaja neno la serikali. Warundi wote wanaoishi vijijini waende kambi ya wakimbizi, wa juzi na wa zamani. Fabian, mwenyekiti wa kijiji, alilisema mkutanoni huku anatazama miguu yake, maana amekula kwa Yohani miaka mingi. Lori litawangoja Kigoma Jumatatu.

Kambi yenyewe Yohani hakuiogopa. Aliogopa kumwacha Astérie, binti yao wa pekee, aliyezaliwa hapo hapo, akafa ana miaka tisa, akazikwa nyuma ya nyumba kwenye migomba. Nani atampalilia?

Akawaza, akapata. Jiwe ambalo mataifa yanaligombania, serikali itakosaje kulitaka? Atalitoa zawadi, nao watamwacha afie Mwamgongo. Mélanie akamwambia serikali haipokei figa. Hakusikia. Akalivuta jiwe majivuni likiwa bado na joto, akalifunga kwenye kitenge, akapanda boti ya Hamdani kwenda Kibirizi, kando ya mji wa Kigoma.

Hamdani alipomsaidia kulipandisha tu akaanza. "Mzee Yohani, wenzako wanakwenda mjini kutafuta jiko, wewe unakwenda nalo?"

Abiria wakacheka. Yohani naye akacheka. Alijua alichokipakata.

Kwenye ofisi ya madini alikoelekezwa alimkuta Elinipa, Mpare, mtaalamu wa mawe aliyehamishiwa Kigoma. Mtu wa adabu, alimpa shikamoo, akamvutia kiti. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Elinipa akatoa kidude cha betri cha kupimia urani, akakisogeza kwenye kitenge. Kikalia kama mvua inavyopiga bati. Elinipa akafungua madirisha yote, akakivuta kiti cha mzee mbali na jiwe. Yohani akaichukua kuwa heshima. Limekubalika hilo.

Akaeleza shida yake yote, mpaka migomba. Elinipa akamsikiliza, halafu akauliza nyumbani nani alikuwa anakaa karibu nalo.

"Binti yangu," Yohani akasema. "Moto ukizimika alikuwa analikalia. Anasema linamtunzia joto."

"Yuko wapi sasa?"

"Damu ilimwishia. Hospitali hawakujua ni nini."

Elinipa alikizima kidude. "Siwezi kusema ni hili, mzee. Wala siwezi kusema si hili."

Kisha, labda ili chumba kisinyamaze, akasema siku moja nchi itakuwa na mitambo yake, mawe yapo hata kusini, na hili peke yake likisafishwa lingewasha taa za Kigoma siku mbili tatu. Yohani alimsikia kwa mbali. Aliuliza la yeye kubaki kijijini. Akaambiwa hilo si la ofisi hii.

Jiwe likatiwa kwenye sanduku zito la chuma, likaandikiwa karatasi: limetoka Kongo, lipelekwe Dar es Salaam, lisiende bila mlinzi. Mihuri miwili. Yohani aliitazama karatasi ile. Miaka ishirini na mitano hakuwahi kupata hata nusu yake.

"Lenyewe linabaki nchini?"

"Linabaki, mzee."

"Haya."

Mélanie alipouliza, alimwambia tu kwamba wamekataa. La Astérie hakulisema.

Jumatatu Mélanie aliinama jikoni, akayatazama yale mawili ya ufukweni. "Nibebe lipi?"

"Usibebe."

Kule kambini, mbali na ziwa, Yohani alizunguka jioni nzima akitafuta mafiga. Kila jiwe alilinyanyua, akalipima mkononi. Likiwa zito analitupa.

"Unachagua kama viazi," Mélanie akamwambia, sufuria mkononi.

Yohani alikuwa ameshika jingine, analipima.