Zamu Katika Malisho ya Atuganile

Jana mchana Atuganile Sanga alijilaza kidogo akimsubiri mwenye trekta, usingizi ukampitia, akaota.

Atuganile anafuga kondoo huko juu Makete, kwenye baridi inayogandisha maji ndooni. Yeye na mumewe, Ambilikile, walikuwa wamekubaliana kulima malisho yao yote: vichaka na majani ya kila namna yang'olewe, ipandwe nyasi ndefu tu, ile wanayoipenda kondoo.

Ndotoni yuko malishoni. Nyasi Ndefu amelala chini, amejifunika blanketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Mvua imekosekana. Mwaka huu sina nguvu."

"Sasa kondoo watakula nini?"

"Muulize aliye zamu."

Malisho yamekuwa zahanati. Mimea imejaa kwenye mabenchi. Kichaka amekaa mlangoni, mgongo wake ameuelekezea upepo, na mapajani amepakata vimea vidogo vinavyotetemeka.

"Zamu ni yangu," anasema Ua la Njano. "Mimi hunawiri wakati wa ukame. Mvua ikizidi nalala, anaamka huyu jirani."

"Kwa nini msiamke wote pamoja?"

"Tukiamka pamoja, tutakuja kulala pamoja. Siku hiyo kondoo wako watakula nini?"

Atuganile anafikiri. "Kwani ninyi ni ndugu?"

"Hata kidogo. Hatufanani kwa lolote. Ndiyo maana hatuugui siku moja."

Anamgeukia Kichaka. "Na wewe?"

"Mimi nakinga baridi. Kwa kuwa siliwi, watu huona sina kazi."

Atuganile anainamisha macho. Huyo ndiye ambaye yeye na mumewe walipanga kumng'oa kwanza.

Trekta anapiga hodi, anaingia, anavua kofia. "Poleni na ugonjwa. Nimeambiwa nibakize mmoja. Ni nani?"

Nyasi Ndefu anajikokota kutoka kwenye blanketi lake, analia.

"Ni mimi. Lakini nakuomba, baba, usinibakize. Peke yangu sitaweza."

Atuganile anamshika bega. "Kalale, mwanangu," anamwambia. "Nitakushikia zamu mimi."

"Basi vua viatu," anasema Kichaka, na kusogea kidogo ili amkinge naye.

Anavua. Anasimama kwenye udongo. Baridi inampanda miguuni, kisha kitu kinaanza kushuka kutoka kwenye nyayo zake, taratibu, kwenda chini.

"Mama Lugano! Amka, trekta imefika."

Ambilikile alikuwa anamtikisa bega.

"Mwambie arudi. Hatulimi."

"Si tulikubaliana?"

"Tulikosea, baba Lugano. Ile nyasi haiwezi peke yake. Mwaka itakapougua, tutawapa kondoo nini?"

Ambilikile alitazama nje kule kwenye vichaka, kisha akatoka kwenda kuzungumza na mwenye trekta.

Atuganile aliketi ukingoni mwa kitanda. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kinamwasha. Akavua soksi. Chini ya kidole kulikuwa na mzizi mweupe, mwembamba kama uzi, wenye udongo mbichi.

Aliuvuta. Ukauma.