Wiki Iliyoachwa Nyeupe

Hasira za Bi Ratiba hazikuanzia ofisini. Zilianza asubuhi jikoni kwao, alipomwona mama yake akimimina chai pembeni ya kikombe, mezani kabisa, huku anatabasamu kama mtu anayeona kikombe kinajaa.

"Mama, umekosa kikombe."

"Sijakosa. Nainywesha meza, nayo imetutumikia." Mama akacheka, akapapasa kutafuta kitambaa. "Haya, kitendawili!"

"Mama, nachelewa kazini."

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu ina madirisha mawili. Mapazia yameshuka yenyewe, na mimi nimo ndani sijalala."

Bi Ratiba alilijua jibu. "Macho yako, mama."

"Umepata. Sasa njoo uyapandishe hayo mapazia, mwanangu, giza limenichosha."

Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, kushoto na kulia. Daktari wa kupasua alikuwa mtu wa kuja na kwenda. Alifika hospitali yao mara moja kwa mwaka, akakaa wiki moja, akafunga virago. Mwaka jana ile wiki iliwapita. Safari hii wauguzi walisema bila kuzunguka: ugonjwa ukikomaa kupita hapo, daktari hataahidi kitu. Na mgonjwa aje na mtu wake, wa kumshika mkono na kumtia matone wiki nzima. Mtu mwenyewe alikuwa Bi Ratiba. Mama hakuzaa mwingine.

Jina la Bi Ratiba alipewa ofisini. Ilikuwa ofisi ndogo juu ya duka la vioo, kazi yake kuwatengenezea wafanyabiashara matangazo ya mtandaoni, leo klipu ya keki, kesho simulizi ya sabuni. Yeye ndiye aliyepanga nani aandike, nani apige picha, na lini kitu kirushwe. Yote aliyaweka kwenye chati moja nyepesi ya kompyuta. Kazi zilishuka upande wa kushoto, wiki zilitambaa juu, na kila kazi ilikuwa na mstari wake mnene wa rangi, tangu wiki inayoanza mpaka wiki inayorushwa. Kijani cha Mwandishi, buluu ya Mpigapicha, chungwa la bosi akiwa na jambo lake la haraka. Na kwa bosi yote yalikuwa ya haraka. Hakumaliza sentensi bila kusema "chapchap," mpaka likawa ndilo jina lake.

Zamani waligombana kila siku nani ana nafasi na nani hana. Bi Ratiba alipowaletea chati akawapa sheria moja tu: penye rangi pana mwenyewe, palipo peupe chukua. Wakaipenda. Sehemu nyeupe wakaziita viwanja, na kila Jumatatu chati ikiangazwa ukutani walivigombania kwa kelele na vicheko.

Basi wiki ya daktari aliiacha nyeupe. Angepaka nini, naye hatakuwa na kazi? Alibandika tu maelezo madogo pembeni: likizo, mama, hospitali. Ukutani maelezo yale hayakuonekana. Kwenye ile chati, mtu asiyekuwapo alifanana na kiwanja.

Jumatatu hiyo ya chai mezani, alipoketi ofisini, aliona wiki yake imelala chini ya mstari wa chungwa, mpana kama mkeka.

"Magodoro!" Chapchap alipiga kofi moja la furaha. "Mteja mpya. Kila siku simulizi moja, wiki nzima, 'Usingizi wa Kifalme.' Bi Ratiba utayasimamia. Chapchap."

"Bosi, hiyo wiki ni likizo yangu."

"Pameandikwa wapi?"

"Pembeni. Na uliniruhusu mwenyewe, umesimama mlangoni hapo na funguo mkononi."

"Mimi naona peupe. Si wewe uliyetufundisha, peupe chukua?"

Mpigapicha akaangua kicheko. "Kiwanja kimeuzwa hicho, dada! Hamia kwingine!"

Bi Ratiba alimtupia jicho, kicheko kikafia mdomoni.

"Ni macho ya mama," alisema, na bado alijitahidi kuishusha sauti. "Mnajua wote."

"Tunajua, na tunampa pole." Chapchap alikuwa ameshageukia simu yake. "Apelekwe na jirani. Mambo ya uzeeni hayo. Si ameshazoea?"

Mwandishi, mama wa makamo aliyekaa karibu na dirisha, akavua miwani.

"Bosi, mwachie," alisema taratibu.

"Wewe andika."

"Ameshazoea," Bi Ratiba alirudia. Alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi, na damu ilikuwa ikimchemka mpaka masikioni. "Ulimuuliza? Mwaka jana uliniambia nisogeze, nikasogeza. Nikashinda hapa nahesabu picha za keki zako huku daktari anapakia mizigo yake. Mwaka jana mama yangu alikuwa anasoma mwenyewe meseji kwenye simu. Leo amemimina chai mezani, akanifanyia mzaha nisilie! Ameshazoea, eti!"

"Punguza sauti, wateja wako chini."

"Wasikie!"

Akamnyang'anya Mpigapicha kipanya. Mshale ukaruka ukutani, ukatua juu ya mstari mmoja wa kijivu, wiki iliyofuata ile ya daktari.

"Na hiki cha kijivu? Mbona hakuna anayekigusa?"

"Hiyo ni safari yangu. Harusi ya shemeji. Mambo ya familia," Chapchap alisema.

"Ahaa. Familia. Kumbe humu ndani mwenye familia ni mmoja, sisi wengine tuliokotwa."

Mwandishi alikohoa, akageuzia uso dirishani. Bi Ratiba akaongeza mstari mpya juu ya kazi zote, akaandika MAMA, akaujaza rangi nyekundu wiki nzima, kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha akaukamata ule wa chungwa, akauburuta mpaka ukaikalia harusi.

"Unafanya nini wewe!"

"Mteja alikutajia wiki?"

"Alisema haraka."

"Haraka si wiki. Mpigie."

"Siwezi kumsumbua mteja kwa ajili ya..." Akameza lililobaki. "Nisikilize vizuri. Ukitoka mlango huo na magodoro hayajapangwa, usihangaike kurudi."

"Mlango nauona," Bi Ratiba alisema, akabeba mkoba wake. "Mimi macho ninayo."

Mpigapicha alimfukuzia kwenye ngazi, anahema. "Dada, nilikuwa natania."

"Ulitania na mama yangu."

"Nisamehe. Hayo magodoro nitayabeba mgongoni mwenyewe. Wewe nenda."

Bi Ratiba alishuka akipiga visigino kila ngazi, kana kwamba ngazi nazo zilikuwa kwenye kikao.

Wiki ya daktari ilipofika, mama alivaa kanga yake safi, wakakaa kwenye benchi refu la hospitali, bega kwa bega na wagonjwa wengine waliochorwa alama ya kalamu juu ya nyusi. Bi Ratiba alimshika mama mkono. Kwa mkono mwingine akafungua simu iliyotikisika mfukoni. Ilikuwa meseji ya Chapchap: Nimempigia mteja, amekubali kusogeza, hana neno. Ukimaliza rudi. Usilikuze jambo.

Aliisoma, akaisoma tena. Mtu mwingine angeshusha pumzi. Yeye hasira zilimpanda upya, mbichi kuliko zile za Jumatatu. Hana neno! Simu moja tu. Mwaka mzima mama yake amepapasa kuta za nyumba yake mwenyewe, kwa sababu ya simu moja ambayo mtu aliona taabu kuipiga. Na yeye Bi Ratiba, mwaka jana, hakupiga kelele. Alisogeza mstari kimya kimya, akasema sawa bosi.

"We mtoto," mama alisema, "mbona unanivunja vidole? Mimi nimekukosea nini?"

"Samahani, mama. Si wewe."

"Basi huyo mtu mwache hapa hapa kwenye benchi. Huko ndani wana kisu."

Mzee wa pembeni akacheka. Muuguzi akatokeza, akaita. Mama akainuka, akanyoosha kanga yake, akaingia kwa hatua ndogo ndogo, mkono wake juu ya mkono wa muuguzi, akimwuliza kama anajua vitendawili.

Mlango ulipofungwa, Bi Ratiba aliandika jibu: Nitarudi mama akiniona. Hakuweka "bosi," wala "asante." Akaituma, akaizima simu.