Jina la Baba Katika Kitabu cha Mahabusu

Kaka yangu Anicet alikamatwa siku ya malipo ya wazee, na sisi ndugu zake tukaanza kumtafuta mochwari.

Asicheke mtu. Tulitoka Bukavu, na Bukavu mtu akichukuliwa na wenye bunduki unaanza na maiti, kisha hospitali, kisha unamtafuta mkubwa anayemjua mkubwa mwingine. Kituo chenyewe hukikaribii. Ukisimama mbele ya askari ukataja jina la aliyeshikwa, umeshampa na la kwako.

Anicet aliuza mablanketi. Kila mwezi serikali inapowalipa pensheni wazee wa mashambani, wachuuzi wa Durban huwafuata huko huko, leo wilaya hii, kesho ile, na kupanga bidhaa zao karibu na foleni. Safari hiyo aliondoka kama kawaida, na kama kawaida aliacha kibali chake cha ukimbizi nyumbani, ndani ya plastiki, akatembea na fotokopi. Wote tulifanya hivyo. Karatasi yenyewe ni moja, nyepesi, na vibaka wa mjini hawachagui cha kuiba. Tuliitunza kiasi kwamba haikutufaa kitu.

Habari aliileta Marie-Claire, aliyekuwa akiuza sufuria kando yake.

"Polisi bameangalia fotokopi, bakasema hii si kitu," alituambia. "Bakamuingiza ndani ya gari, bakapandisha naye njia ya milima."

"Kituo gani?" nikauliza.

"Miye nilikuwa nakusanya sufuria zangu, Hardy. Ningewafuata na sufuria kichwani?"

Mke wa Anicet, Huguette, alikuwa akisuka nywele za mteja. Hakuinua uso. Alimaliza msuko ule, akafunga ncha yake, ndipo akasema, "Jumatatu."

Sote tulijua maana yake. Ilisemekana kwamba Jumatatu gari la uhamiaji huzunguka vituo vya mashambani kukusanya wasio na karatasi, na kutoka hapo ni Johannesburg, kisha ndege, kisha Kinshasa. Ilikuwa mwaka 1998, waasi wa mashariki wakipigana na serikali. Mtu wa mashariki, mwenye lafudhi yetu, akishushwa Kinshasa miezi ile, hakuhitaji mashtaka. Lafudhi yenyewe ilitosha.

Siku nzima ya Jumamosi niliimaliza kwenye mochwari na wodi za hospitali. Nilirudi jioni nikiwa na hasira ya mtu asiyejua ampige nani, nikaingia kwenye duka la simu la Pascal. Coletha, Mtanzania aliyekuwa akisomea uhasibu, alikuwa anasubiri zamu yake ya kupiga simu Mbeya. Alisikiliza kidogo, akadakia.

"Ngoja. Mmeshauliza polisi?"

Pascal akacheka bila furaha. "Dada, polisi ndio wamemchukua."

"Ndiyo maana nauliza! Nyie Wakongo mna mambo. Mtu kakamatwa na polisi, nyie mnamtafuta kwenye majokofu. Nenda kaunta, taja jina, uliza yupo au hayupo. Wana kitabu, kila anayeingia seli anaandikwa. Mjomba wangu alishikwa kule kwenye mashamba ya miwa mwaka jana, nilimkuta kwa kuuliza tu."

"Uliuliza tu?" nikasema. "Ukaondoka na miguu yako?"

"Na niliondoka na mjomba. Acha kunitolea macho, bwana, nenda kaulize."

Nilimwona mjinga. Nilimwona mtoto wa nchi yenye amani, anayedhani askari ni mtu wa kumuuliza njia. Lakini Jumapili asubuhi nilichukua kibali cha Anicet, nikakivalisha plastiki ya pili, nikakishonea ndani ya koti langu, nikaenda.

Kituo cha kwanza kilikuwa chini ya mlima. Nilipita mbele yake mara tatu. Mara ya nne nikaingia, nikataja jina kwa sauti ndogo mno, na askari akaniambia niseme tena. Nikasema tena. Akaangalia, akatikisa kichwa, akanielekeza kituo cha juu. Nilitoka nje nikiwa mzima. Nilisimama barabarani nikijipapasa kama mtu aliyeanguka mtini na hakuvunjika.

Kituo cha juu kilikuwa nyumba ya matofali mekundu, na mbuzi wa mtu walikuwa wakila nyasi za uani. Nyuma ya kaunta alikaa sajini mwanamke, mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Kibao kifuani kiliandikwa Sithebe.

"Namtafuta Anicet Mugisho," nilisema kwa Kiingereza, safari hii kwa sauti kubwa kupita kiasi. "Ni kaka yangu. Mkongo."

Alivuta kitabu kikubwa, akateremsha kidole ukurasani. Akafungua ukurasa wa nyuma yake. Akarudi.

"Hayupo."

"Yupo. Angalia tena."

"Bhuti, nimeangalia," alisema, akiniita kaka kwa Kizulu.

Hofu yangu yote ya siku mbili ikageuka moto. "Mmempeleka wapi? Mmemficha wapi?"

Sajini akavaa miwani yake, akanitazama kwa utulivu, kama mama anayemtazama mtoto aliyetupa sahani chini.

"Hapa hatufichi watu," alisema. "Hapa tunaandika. Kaka yako hakuandikwa, kwa hiyo hayupo. Nina Mkongo mmoja tu, na si huyo wako. Wangu anaitwa..." Akainamia kitabu, akalisoma polepole kwa ulimi wa Kizulu. "Zihindula Balagizi."



"Sema tena," nikasema.

"Zihindula Balagizi. Unamfahamu?"

"Huyo ni baba yangu."

Akasoma tena mstari wake. "Baba yako ana miaka ishirini na tisa?"

Ningeweza kucheka kama ningekuwa na pumzi. Baba yangu alitolewa nyumbani kwetu wakati wa vita vya kwanza, mbele ya macho yetu, akiwa amevaa kandambili. Mama alikwenda kwenye kila kambi na kila ofisi yenye mlango. Kila mahali walimwambia, hapa hajafika mtu wa jina hilo. Hawakumwambia amekufa. Walimwambia hakuwahi kufika. Hapakuwa na karatasi hata moja, katika mji mzima wenye ofisi nyingi, iliyosema kwamba Zihindula Balagizi alishikwa. Na sasa alikuwa ameandikwa kwa wino wa bluu katika kituo chenye mbuzi uani, kwenye nchi ambayo hakuwahi kuiona hata kwenye ramani.

Nilimweleza sajini. Sikupanga kumweleza. Maneno ninayajua, huwa nayachagua na kuyapima, lakini siku ile yalitoka kama yalivyokuja. Nilimwambia kwamba kwetu ukishikwa hutoi jina lako, maana kesho watarudi kwa mkeo. Unatoa jina la mtu ambaye hawawezi kumfanya kitu tena. Nikamwambia pia kwamba kibali cha kaka ninacho, nimekishonea ndani ya koti.

Hapo akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akakigeuza kitabu, kikanielekea mimi. Akaleta na cha pili, akakifungua kando yake.

"Hiki ni cha walioingia," alisema. "Hiki ni cha zamu. Soma."

Nikasoma. Kwenye cha kwanza walikuwa wameandika saa aliyofikishwa, na kwamba mwili wake hauna jeraha, na kwamba amekabidhi mkanda mmoja, kamba za viatu, mablanketi tisa. Chini yake kaka alikuwa ametia sahihi. Kwenye cha pili, kila saa, mchana na usiku, mkono wa askari wa zamu ulikuwa umeandika maneno yale yale: seli zimekaguliwa, mahabusu wote wapo, wako salama, hakuna malalamiko. Mstari chini ya mstari. Mwandiko ulibadilika zamu ilipobadilika, maneno hayakubadilika. Wakati mimi nafunuliwa shuka za maiti Durban, mtu ambaye hatumjui alikuwa ameinuka kitini, amechukua tochi, ametembea hadi kwa kaka yangu, amemwona anapumua, amerudi kuandika. Na saa iliyofuata akainuka tena.

Sijawahi kuona maandishi makubwa kuliko yale, nami nimesoma mengi na kutunga mengine. Hayakuwa na pambo lolote. Nilijikuta nimevua kofia.

"Ni kazi tu," sajini akasema, kana kwamba nimemwaibisha. "Usipoandika, mkaguzi akija unaulizwa. Toa hicho kibali sasa, kabla sijazeeka."

Nilichana koti kwa meno. Alilinganisha picha na kumbukumbu zake, akamtuma askari, na Anicet akaletwa, akiburuza viatu visivyo na kamba, ameshika suruali kiunoni. Aliponiona, uso ulimwiva.

"Hardy, uko na wazimu? Toka hapa! Batakushika na wewe!"

"Anasema nini?" sajini aliuliza.

"Anasema nikimbie, mtanikamata."

"Mwambie seli imejaa." Kisha akamgeukia. "Wewe. Jina lako nani?"

"Zihindula Balagizi."

Sajini alinyanyua kibali, picha ikimtazama Anicet usoni. "Na huyu ni nani?"

"Simjui."

"Kaka," nikasema, "ni karatasi yako. Sema jina lako utoke. Kesho gari linakuja."

"Nikisema, bataandika. Bakiandika, bataenda kwa Huguette. Wewe ulikuwa nyuma na mama, Hardy, hukusikia baba alivyotaja majina yetu mlangoni ili batuhurumie. Miye sitaji mtu."

"Eish," sajini akasema. Hakuelewa neno, ila alielewa kichwa kilichokuwa kinatikiswa. "Mimi siwezi kumwachia Balagizi kwa karatasi ya Mugisho. Akikataa jina lake, kesho anaondoka na lile alilonipa."

Nilimshika Anicet bega, nikamsogeza mbele ya vitabu, kama alivyokuwa akinisogeza mimi ubaoni enzi za shule.

"Soma," nikamwambia.

Alisoma akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika suruali. Alipofika kwenye jina la baba alirudi nyuma kidogo, kana kwamba hakulitoa yeye. Kisha akaanza kile cha pili. Kidole chake kiliteremka taratibu, saa baada ya saa. Kwenye mistari ya usiku kikasimama.

"Nilikuwa naona ile tochi," alisema. "Kila mara nilifikiri bamekuja kunitoa. Nilikuwa nainuka, navaa viatu. Kumbe balikuwa banakuja kuangalia kama niko."

"Ndiyo."

"Kila saa?"

"Si unaona."

Akaendelea hadi mwisho wa ukurasa, ambako wino ulikuwa bado mbichi. Nilidhani atalia, lakini alinyooka, akauondoa ule mkono kiunoni, suruali ikateremka kidogo, na akamwambia sajini kwa Kiingereza chake kibovu, kwa sauti ambayo ilifika hadi kwa mbuzi:

"Mimi naitwa Anicet Mugisho. Nina mke. Anaitwa Huguette. Tunakaa Durban."

"Hatimaye," alisema sajini. Akachukua rula. "Kwa kunidanganya ningeweza kukufungulia kesi nyingine. Lakini leo nimeandika vya kutosha."

"Unamfuta?" Anicet akauliza.

"Kitabu hiki hakifutwi. Kinapigwa mstari mmoja, ili kila mtu aweze kusoma kilichokuwa chini."

Akapiga mstari mmoja juu ya jina la baba, mwembamba, uliopita katikati ya herufi bila kuficha hata moja. Juu yake akaandika jina la kaka yangu, akatia sahihi pembeni. Kisha akahamia safu ya mwisho, kwenye mstari ule ule, akaandika saa na neno moja: ameachiliwa. Tuliinama wote wawili tukilitazama mpaka akatusukuma vichwa ili apate kufunga kitabu.

Kwenye kibanda cha simu nje ya kituo nilipiga dukani kwa Pascal. Huguette, aliyekuwa akingoja pale, aliinyaka simu kabla haijalia mara ya pili. Sikumwambia kitu, nilimpa Anicet mkonga.

Barabara ilikuwa imejaa watu waliotoka kanisani. Anicet aliwatazama, kisha akawapa uso badala ya mgongo.

"Allô," alisema kwa sauti. "Ni mimi, Anicet Mugisho."

Nilimsikia Huguette kutoka pale nilipokuwa nimesimama na mablanketi.

"Najua ni wewe," alipiga kelele huku analia. "Kwani nilikuwa nangojea nani mwingine?"