Kikombe Kilichowekwa Chini

Gloire alipotuambia kwamba chuo kikuu anasomea Kiarabu, mimi na baba yake tulifurahi kwa dakika moja hivi. Tuliwaza ubalozi, tuliwaza mashirika ya ndege. Kisha akafafanua: si Kiarabu cha vitabu, ni namna watu wa jangwani wanavyoongea majumbani mwao, wale wafugaji wa ngamia na kondoo wanaoitwa Wabedui. Ukoo huu unatamka hivi, ukoo ule unatamka vile, wakihama na maneno yao yanahama nao, na kazi yake yeye ni kusikiliza tofauti. Siméon, baba yake, ambaye anashinda ghalani akipakia maboksi, alimtazama sana.

"Donc, watu banakutuma ukasikilize namna bengine banaongea?"

"Basically, yes, Dad."

Mimi naitwa Chibalonza, lakini hapa Mount Druitt, magharibi ya Sydney, ukiuliza Chibalonza hufiki popote. Uliza Mama Gloire. Natoka Bukavu, Kongo, ninatunza wazee majumbani, na hasira zangu ziko karibu. Hilo Siméon atakuambia kabla hujamuuliza.

Kuhusu Gloire, jua jambo moja. Kiswahili anakisikia chote, hata umbea wa chumba cha pili. Kukijibu, hapana. Namwita, "Gloire, kuya ukule," ananijibu, "Coming, Mum." Miaka kumi na miwili sasa. Nimegomba, nimeomba, nimejifanya kiziwi. Mwishowe nikanyamaza, lakini kunyamaza si kuridhika, na kila "Coming, Mum" ilinichoma kidogo.

Sasa ikaja korona. Mwaka 2020 safari yake ya Jordan, ya kuwarekodi hao Wabedui, ikafutwa, na mwaka 2021 ikafutwa tena. Mwezi wa nane magharibi yote ya Sydney ikafungwa, helikopta juu ya mapaa yetu na polisi kwenye vituo vya treni. Profesa wake akampa hadi mwisho wa Septemba: alete saa moja ya Mbedui anayeongea lahaja yake kwelikweli, na uchambuzi juu, au tasnifu ife na mwaka uende nayo. Jumatatu moja nikamkuta kwenye kompyuta anajaza fomu ya kozi ya kutunza wazee.

"I'll just do what you do, Mum," akasema.

Kazi yangu naipenda. Lakini niliipenda kwa ajili yangu mwenyewe, si kwa ajili yake, na kusikia vile kulinikata maini. Nikamwambia afunge hiyo fomu, nikaanza kumlalamikia juu ya mzee wangu mpya ili tusahau: mzee wa upande wa Cabramatta, Mwarabu, mkaidi, kutwa nzima ngamia, ngamia, na mahema ya mama yake.

Gloire akageuka na kiti kizima. Kumbe Mbedui alikuwa kwenye roster yangu, ratiba yangu ya kazi.

Tunamwita Abu Miteb, yaani Baba Miteb, na hapo mimi na yeye tulielewana tangu siku ya kwanza, maana kwao kama kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto. Mimi akaniita Umm Guluwar, yaani Mama Gloire kwa ulimi wake. Anakaa peke yake, ana sukari na miguu mibaya, na Miteb mwenyewe anaishi Penrith, amefungiwa huko kama sisi tulivyofungiwa huku. Mimi nilipita kwa kibali cha kazi na kuchokonolewa pua kila siku tatu. Fomu za ridhaa zikasainiwa, Miteb akakubali kwa simu, kampuni yangu ikasema sawa mradi nirekodi baada ya shifti. Gloire akanipa kinasa sauti kidogo chenye manyoya kichwani kama panya.

Mara ya kwanza mzee alipokiona alirudi ndani, akavaa kanzu safi, akajifunga kilemba chake, akajipaka manukato hadi nikayasikia ndani ya barakoa. Akakaa wima, akaongea dakika arobaini. Mimi nikarudi nyumbani nikiringa kama niliyeshinda bahati nasibu.

Gloire akasikiliza, uso ukamshuka. "Mum, he's reading the news."

Mzee alikuwa anaongea Kiarabu cha redio, kile cha hotuba na magazeti, ambacho hakuna mama duniani anayekitumia kumbembeleza mtoto. Gloire akaniambia wote wanaosomea lahaja wanaujua ugonjwa huo: weka mashine mbele ya mtu, ataongea kama hakimu. Ukitaka asili yake, subiri ajisahau. Basi tukasubiri. Wiki ya pili, redio. Wiki ya tatu, redio, tena na mikono.

Nikamwuliza mzee mwenyewe, kwa Kiingereza chetu cha watu waliojifunza ukubwani. "Abu Miteb, why no home talk?"

"For university?" akasema. "No. Goat talk, no."

Akanieleza, kidogo kidogo. Akiwa mtoto wa miaka tisa walimpeleka shule ya mjini, na alipofungua mdomo darasa zima likacheka, mwalimu naye akacheka. Tangu siku ile lugha ya kuitia mbuzi aliiacha mlangoni. Nilimwelewa vizuri mno. Shuleni kwetu ukiongea Kishi, lugha ya nyumbani, ulivishwa kibao shingoni mpaka apatikane mwenzako wa kumvisha. Mimi nilikivaa wiki nzima, maana sikuwa na moyo wa kumchongea mtu.

Sasa nifike kwenye kahawa, maana kosa langu liko humo.

Kila nikimaliza kazi, mzee alitengeneza kahawa. Tuliketi uani, viti viwili vimeachana mita moja na nusu kama serikali ilivyotaka, yeye na birika lake la shingo ndefu, mimi na kikombe kisicho na mkono, kahawa ya iliki kidogo tu chini. Na mimi kahawa sinywi. Babu yangu alikuwa na miti mia tatu ya kahawa juu ya ziwa Kivu na hakuna aliyeionja nyumbani. Ilikuwa ya kuuza, sisi tulikunywa chai. Nikiinywa moyo unanienda mbio. Lakini kwetu hukatai ulichoandaliwa. Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, unakiweka mbele yako, unakiacha kipoe kwa heshima. Ndivyo nilivyofanya. Na kila siku mzee alisimamisha birika, akakitazama kikombe, akatamka maneno machache. Nikadhani anabariki.

"Amen," nikajibu. "Thank you, Abu Miteb. Amen."

Kisha akawa ananitazama vibaya, anamwaga kahawa yake chini ya mlimau, anaingia ndani. Nikasema moyoni, mzee huyu ana majivuno, wacha anione hivyo hivyo, mimi nimekuja kumwosha miguu.

Katikati ya Septemba, Jumanne, nikasahau kuzima kinasa sauti. Jioni yake nikiwa napika sombe, majani ya muhogo, Gloire akaingia jikoni na vile vya masikioni vimening'inia shingoni.

"Mum. What's this?"

Akanisikilizisha. Ilikuwa ile baraka ya mzee, sentensi moja fupi. Akasema hiyo ndiyo, hiyo ndiyo yenyewe, kila sauti mahali pake. Katika saa zote zile mzee ameongea lugha ya kwao kwa sentensi hii tu.

"What did you do right before?"

"Hakuna. Nilitula tu kikombe chini."

"Did you drink it?"

"Miye na kahawa? Unanijua."

Gloire akakaa chini, palepale kwenye vigae. Akanieleza, na sombe ikaungua. Kwa Wabedui, mgeni akipokea kahawa akaiweka chini bila kuionja, amesema bila kusema kwamba ana haja. Mwenyeji atamwuliza haja yake. Akikubali, atamwambia anywe, na mgeni akishakunywa, haja imeshatolewa. Mwenyeji akishindwa, ni aibu itakayosimuliwa. Na mgeni anayeweka kikombe chini halafu akakataa kusema haja yake, huyo anamwambia mwenye nyumba: nina shida, lakini wewe si mtu wa kuiweza.

Ile sentensi ilikuwa, "Una haja gani?" Wiki tano, siku tano kwa wiki, mzee wa watu ameniuliza nina haja gani, na mimi nimemjibu Amen.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha kicheko kikakatika, nikaona aibu ambayo sikuwa nimeiona tangu nilipofika nchi hii. Mzee hawezi kusimama bila mimi, hawezi kuoga bila mimi, na kila siku nilikuwa namwambia usoni pake kwamba hata kusaidia hawezi.

Gloire akataka kuniandikia maneno ya kusema. Nikamwambia aachane na mimi. Kukosa nilikosa mwenyewe, na kuomba nitaomba mwenyewe.

Kesho yake nikamwosha, nikampa dawa, tukatoka uani. Akamimina. Nikapokea kwa mikono miwili, nikakiweka chini. Siku hiyo hakuuliza. Alikuwa amechoka kuniuliza. Alitazama mlimau, akangoja nimalize Amen yangu niende.

"Abu Miteb," nikasema, "I have need."

Birika likabaki hewani.

"My daughter. She study your people talk. She need one hour, or finish, no school. Not radio. The talk of your mother. Goat talk." Nikakionyesha kikombe. "And sorry. All these days, I don't know. My country, cup down, is only respect."

Akanitazama. Akatazama kikombe. Nafikiri alikuwa anazihesabu zile siku zote, moja moja, kama nilivyozihesabu mimi. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, ikabidi niinuke nimshike mgongo, na mwaka ule mtu akikohoa hukumchezea. Alipopata pumzi akanionyesha kikombe kwa kidole.

"Drink," akasema. "Drink, Umm Guluwar. You have."

Nikashusha barakoa, nikanywa. Ilikuwa chungu, na moyo ukaanza safari yake. Yeye akakichukua kile kipanya cha manyoya, akakiweka juu ya paja lake, akaanza.

Sikuelewa hata neno, lakini kusikia nilisikia. Sauti ilimshuka kutoka puani hadi tumboni, kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Aliita mbuzi. Akamwiga mama yake akimgombeza, na hilo nililitambua, magomvi ya mama yanafanana dunia nzima. Mahali fulani alilia kidogo, mahali pengi alicheka. Aliongea saa moja na dakika arobaini, na nilichelewa kwa mzee wangu wa pili, nikatukanwa kwa simu, nikasema samahani bila kumaanisha.

Gloire aliposikia dakika ya kwanza alinikumbatia hadi barakoa ikanipanda machoni. Kisha akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, na kwa siku kumi sikumwona. Nilimsikia tu, kupitia mlango, akirudisha sentensi moja mara ishirini, akiitamka mwenyewe, akirudisha tena. Mzee akivuta pumzi, anaiandika. Mzee akisema "eh," anaiandika. Na mimi nasimama koridoni na sahani: "Gloire, kuya ukule." "Coming, Mum."

Nitasema kweli, nilimwonea wivu yule mzee. Mtoto wangu anajifunza namna mama wa mtu mwingine alivyoita mbuzi, na mama yake mwenyewe yupo, mzima, anaita, na hajibiwi kwa lugha yake. Nilikasirika na Gloire, nikajikasirikia na mimi kwa kukasirika, maana mwaka wake ulikuwa umeokoka na nilipaswa kucheza kwa furaha.

Alituma kazi yake tarehe ishirini na tisa. Jumapili iliyofuata, ibada ya kwenye simu ilipoisha na Siméon akalala kwenye kochi, Gloire alinitengenezea chai. Yeye, kwa mikono yake, chai ya maziwa na tangawizi. Akaniletea uani, akakaa kiti cha pili, akaniambia kwa Kiingereza kwamba asingeweza bila mimi.

Nikapokea kwa mikono miwili. Nikashukuru. Nikakiweka kikombe chini, mbele yangu, nikaweka mikono mapajani.

Akaanza kucheka. Alipoona kwamba mimi sicheki, akaacha. Alikitazama kikombe muda mrefu, nami nikaona ananielewa, polepole. Alikuwa na aibu ya darasa zima linalocheka, na darasa lilikuwa mimi peke yangu, na sikucheka.

"Mama," akasema. Kisha, neno moja, na lingine, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, "Uko... uko na haja gani?"

Nilikuwa nimeiandaa hotuba, yote ikapotea.

"Basi usiseme," akaniambia. "Nimejua. Kunywa, Mama. Haja yako inakwisha kupewa."

Nikanywa. Alikuwa amesahau sukari, nami nikaimaliza yote.