Wanasesere Wasiolia

"Usinisukumie sanduku lako mlangoni kwangu, Hatsue. Liondoe."

"Siliondoi! Nimelibeba kwa mgongo wangu huu huu kutoka stendi ya basi. Kama hulitaki, lipige teke mwenyewe, liporomoke mpaka mtoni."

"Nani alikutuma?"

"Tumbo langu ndilo lililonituma! Wageni wanalala kwangu kwa sababu asubuhi wanakuja kupaka wanasesere rangi kwako. Ukifunga wewe, mimi nitawaonyesha nini? Mvuke wa mtaro?"

Na mvuke ulikuwepo kweli, ukipanda kutoka kwenye mtaro uliopita kati ya nyumba zao mbili, ukinuka yai viza kama asubuhi zote za mji ule wa chemchemi za moto. Muuza tofu alikuwa ameegesha baiskeli yake pembeni, amechuchumaa, anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

Tokie alikuwa ameshika ufagio kwa mikono miwili. Aliyemwona kwa mbali angedhani yuko tayari kupigana, lakini alikuwa ameuegemea tu. Tangu majira ya kuchipua, mumewe Yasuzo alipoangushwa na kiharusi palepale mbele ya kerezo lake la kuchongea mti, Tokie alilala usingizi wa mama mwenye kichanga: kumgeuza, kumfuta, kumlisha, kisha kukipambazuka afungue karakana, atabasamu mbele ya wasafiri, awafundishe kuchora jicho kwa mkupuo mmoja, aoshe brashi zao, aanze tena. Kuna uchovu unaoisha mtu akilala. Wake ulikuwa umeshahamia mwilini na kupanga vyombo.

"Hao wanasesere wa kiwandani," alisema, akiashiria sanduku kwa kidevu, "vichwa vyao vimegandishwa kwa gundi. Havigeuki."

"Wageni hawajui, dada! Wageni wanataka picha."

"Na yeye je?"

Hatsue akashusha sauti. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, nyumba yake ya wageni haikukosa vicheko, lakini jina la Yasuzo lilimfanya azungumze kama aliye msibani. "Yeye kalala ndani. Kwani anaona?"

Kutoka kule ndani haoni, ni kweli. Lakini anasikia, na hapo ndipo mambo yote yalipokwama.

Kokeshi wa mji ule ni mwanasesere wa mti asiye na mikono wala miguu, kichwa na kiwiliwili basi. Mkereza hukitia kichwa shingoni mwa kiwiliwili wakati kerezo linazunguka, mti unapata joto, unatanuka, kichwa kinaingia paa! na hakitoki tena. Lakini kinageuka, na kikigeuka kinalia: kwii, kwii. Yasuzo alikuwa amekereza wengi kabla ya kuugua, weupe, bila uso, wamejaa rafu nzima wakisubiri brashi. Na mgeni yeyote akipewa mwanasesere, jambo la kwanza ni kumgeuza kichwa. Kwa hiyo kila asubuhi karakana ililia kama banda la vifaranga, na nyuma ya mlango wa karatasi, kitandani, Yasuzo aligeuza uso wake kuelekea sauti. Tangu augue maneno yalimtoka yamepinda, naye aliyaonea aibu. Lakini kwa kitambo kile, Tokie alimwona mumewe amerudi nyumbani.

Rafu ilikuwa imekwisha. Waliobaki walitosha meza moja tu, na Tokie alikuwa amewaficha ndani ya kapu, kabatini, chini ya mafarishi ya majira ya baridi. Wakitoka hao, hakuna wengine, na hakuna mkono wa kukereza wengine.

Mitalawanda, viatu vya mti, ikaanza kugonga mawe ya barabara, ko, ko, ko. Wageni hao, na majoho yao ya pamba ya kuogea, mashavu mekundu kwa maji ya moto. Tokie hakuamua. Uchovu ndio ulioamua.

"Lete hilo sanduku," alisema.

"Hayo ndiyo maneno," alisema Hatsue. Lakini alipoliinua hakumtazama usoni.

Walikaa kuizunguka meza fupi: dada wawili wajane kutoka Osaka, wasiojua kunyamaza, bibi na bwana harusi waliokuwa bado wanaoneana haya, na Mswidi mmoja mwenye ndevu ambaye magoti yake yalikataa katakata kuingia chini ya meza. Tokie aliwagawia wanasesere wa sandukuni. Walikuwa laini, sawasawa, hakuna aliyempita mwenzake hata kwa unywele.

Mikono yote ikaenda kwenye vichwa. Kimya.

"Fundi!" yule dada mkubwa wa Osaka aliita. "Wangu kakaza shingo! Kama marehemu mume wangu nikimwambia aamke akanunue chumvi."

"Mzungushe kwa nguvu," alisema mdogo wake.

"Mume wangu au huyu?"

Wote wakacheka, hata Mswidi, ambaye hakuelewa neno. Tokie naye alijaribu. "Hawa... hawa hawageuki, mama. Ni wa kupaka rangi tu." Akainama haraka juu ya vibakuli vya rangi, akachovya brashi kwenye wino mweusi ili awaonyeshe jicho.

Nyuma ya mlango wa karatasi, kitu kikagonga sakafu. Kikagonga tena.

Aliomba radhi, akaingia, akaufunga mlango nyuma yake. Yasuzo alikuwa ameshika fimbo kwa mkono wake mzima, wa kushoto.

"Lete," alisema.

"Lete nini, mzee? Maji?"

"Mmoja."

Hakukuwa na pa kukimbilia. Akamletea mmoja. Yasuzo alimbana mwanasesere kwapani kwa upande uliokufa, akamshika kichwa kwa vidole vyake vizima, akakisokota. Hakikusogea. Akamsogeza puani, akanusa kama anayenusa samaki sokoni.

"Gundi."

Tokie aliinamisha kichwa akingoja. Katika ndoa yao nzima, mtu huyu alikuwa amemkasirikia mara chache tu, na zote zilihusu mti.

"Hatsue?" aliuliza Yasuzo.

"Ndiye aliyeleta. Nami nimepokea. Nipige mimi."

Mdomo wa Yasuzo ukaenda upande. Tokie alidhani ni kile kiharusi kinarudi, akamshika bega. Kumbe alikuwa anacheka. "Shingo," alisema, akihangaika na kila neno, "ngumu... kama yake."

Tokie naye akacheka, akaziba mdomo wageni wasisikie, halafu akagundua kuwa macho yamemlowa.

"Wangu?"

"Wako wapo. Nimewaficha." Alipangusa macho kwa mkono wa kimono chake. "Wachache. Wakiisha, utasikiliza nini humu ndani kutwa nzima?"

Yasuzo alimweka mwanasesere pembeni. Nje, wale dada wawili walikuwa wanamshauri bwana harusi amchore mkewe mwenye nyusi kubwa.

"Nasikiliza brashi," alisema. "Yako. Inagonga... bakuli. Ti-ti-ti-ti." Akaonyesha kwa kidole juu ya farishi namna inavyotetemeka. "Zamani haikugonga. Tangu kiangazi inagonga."

Tokie alitazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Wape," alisema Yasuzo. "Kisha funga. Umechoka, mama."

Tokie aliinuka. Alikwenda kabatini, akainua mafarishi, akatoa kapu. Kisha akausukuma mlango wa karatasi mpaka mwisho, akauacha wazi, wageni wakamwona mzee amelala na mzee akawaona wao. Hakuna aliyefundishwa la kufanya, lakini yule dada mkubwa wa Osaka aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Wanasesere wa gundi wakarudi sandukuni. Wa kapuni walipopita mkono kwa mkono, karakana ikalia, kwii, kwii, na Mswidi akamwangusha wake kwa mshtuko, kisha akamwokota na kumwomba radhi kwa lugha ya kwao.

"Mimi naogopa kumpaka huyu," dada mkubwa alinong'ona. "Nikimharibu?"

"Ni wako, mama. Ukitaka mpake masharubu."

Walipokwisha kuondoka, kila mmoja na mwanasesere wake kifuani, Tokie alipanda juu ya kigoda akashusha pazia la mlangoni. Jua lilikuwa bado halijafika utosini. Katika mtaa ule pazia la duka halishuki mchana ila kwa msiba, kwa hiyo muuza tofu alipiga kengele ya baiskeli mara mbili, na Hatsue akatoka mbio, mikono inachuruzika povu.

"Pazia saa hizi? Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi ni hasira. Ni kwa sababu ya lile sanduku langu."

"Si hasira, Hatsue. Nimefunga."

"Umefunga leo?"

"Nimefunga."

Hatsue alifungua mdomo, na mtaa mzima, uliokuwa umeshatega masikio madirishani, ukangoja. Halafu akajiketisha kizingitini, taratibu, kama mzigo uliotuliwa na mtu mwingine. "Na kesho nitawaambia nini wageni?"

"Waambie tumelala."

"Kulala!" Alicheka kidogo, bila furaha. "Mimi je, dada? Unadhani mimi sichoki? Nacheka na watu mpaka usiku, mashavu yananiuma kuliko miguu."

Tokie hakuwahi kuliwaza hilo. Aliteremka kwenye kigoda. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alimtazama jirani yake vizuri: rangi ya nywele iliyopauka kwenye mashina, ngozi ya vidole iliyokunjamana kwa maji. Kutoka jikoni mwa Tokie harufu ya magimbi yanayochemka na nyama na vitunguu ilikuwa imeshafika mlangoni.

"Vua mitalawanda," alisema.

"Nimeacha sufuria motoni."

"Izime, urudi. Au ipigie kelele kutoka hapo, sauti unayo." Tokie alimshika kiwiko, akamwinua. "Ingia, Hatsue. Magimbi yameiva, nasi tulikuwa tunakula wawili tu."