Mdhamini wa Pili

Kasyoka alikuwa mwalimu wa shule ya msingi moja karibu na Tseikuru, na jioni hakuwa na mtu wa kumngoja. Kwao ni Matiliku, mbali sana. Mumewe alikwenda Mombasa kutafuta kazi, akaoa huko, akaacha kuandika. Mtoto hawakupata. Akiwa na miaka thelathini na saba aliamua kusomea mtihani wa kidato cha sita peke yake, apate njia ya kuingia chuo kikuu.

Hakuwa peke yake kwa muda mrefu. Kiema, mwalimu wa darasa la nane, mtu wa Nuu mwenye mke na watoto wanne, naye alikuwa na nia hiyo hiyo. Wanafunzi wakishaondoka, wawili hao walikaa darasani, mlango wazi, kila mmoja kwenye dawati lake, wakibishana juu ya vitabu mpaka jua liegemee mlima. Hakuna lingine lililofanyika pale. Lakini Kasyoka alianza kuingoja saa kumi kuanzia asubuhi.

Siku moja Mzee Muthama wa kanisa alimwita Kiema pembeni baada ya ibada. Walisimama kwa muda mfupi tu. Jumatatu yake Kiema alikuja darasani akiwa amebeba vitabu vyake kwapani, hakuketi.

"Mwalimu, nitakuwa nasomea nyumbani," alisema.

"Sawa, Mwalimu," Kasyoka akajibu.

Hawakusoma pamoja tena. Mapema mwaka wa 1987 matokeo yalikuja. Kasyoka alikuwa amepita. Kiema alikosa kwa alama chache. Katika ofisi ya walimu watu walimpa Kasyoka mkono wakimtazama Kiema, na Kasyoka hakujua aweke wapi uso wake.

Mwaka huo huo chuo kikuu kilimkubali katika mpango mpya wa walimu walio kazini. Masomo yangekuja kwa posta, na kila likizo angekwenda Nairobi kufundishwa na kufanya mtihani. Karo ilikuwa nyingi kuliko mshahara wake. Chama cha akiba cha walimu kilikuwa tayari kumkopesha, ila fomu ilitaka wadhamini wawili. Wa kwanza, Mwalimu Kalunde aliyesoma naye chuo cha ualimu, aliweka sahihi bila maneno. Nafasi ya pili ilibaki tupu.

Mwalimu mkuu aliisoma fomu, akairudisha.

"Ungekuwa unanunua ng'ombe ningekudhamini," alisema. "Ng'ombe akikushinda tunamuuza. Sasa masomo yakikushinda nitauza nini?"

Syokau, mwalimu wa darasa la kwanza, alikuwa mkweli zaidi. "Dada, wewe huna bwana, huna mtoto. Ukipotelea huko Nairobi, mimi nitamfuata nani?"

Kasyoka alimwandikia kaka yake Matiliku. Kaka alijibu kwamba mwanamke wa umri huo anatafuta pa kuzeekea, hatafuti shule. Siku za mwisho za kupeleka fomu zikakaribia. Alianza kujiambia kwamba hata ualimu wa msingi ni kazi ya heshima.

Asubuhi moja kabla ya gwaride, Kiema alisimama mbele ya meza yake.

"Leta hiyo fomu."

Kasyoka hakuinua macho. "Nani amekuambia?"

"Ofisi ni moja, Mwalimu. Umewaomba wote, mimi umeniruka."

"Ningekuombaje wewe?"

"Kwa mdomo, kama ulivyowaomba wengine."

Aliitoa. Kiema aliinama, akaandika jina lake polepole kwa mwandiko wa ubaoni.

"Mama Mutindi anajua?" Kasyoka aliuliza juu ya mkewe.

"Atajua. Mimi nimekosa chuo. Sitaki tukose sisi wote wawili."

Muhula uliofuata Kiema alihamishiwa kwao Nuu, kwa maombi yake mwenyewe.

Masomo yale yalichukua miaka saba. Dirie, mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa akienda Mwingi kila juma, ndiye aliyemletea bahasha za chuo, na mara nyingi salamu yake ilikuwa ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote ya siku nzima. Kasyoka alisoma alfajiri kabla ya kuchota maji. Likizo watu walipokwenda kwao, yeye alikwenda Nairobi kulala bwenini na wasichana waliomwita mama. Akikutana na hoja nzuri kitabuni aliinua kichwa amwambie mtu, kisha akaendelea kusoma.

Siku ya mahafali, mpiga picha alimuuliza, "Familia iko wapi, tuwangoje?"

"Piga tu," Kasyoka alisema.

Alipopewa shule ya sekondari huko Makueni, alipitia Nuu kwanza, na sanduku la maandishi yake ya miaka yote saba. Alimkuta Kiema uani, kichwa kimeingia mvi, anatengeneza jembe. Mkewe, Ndinda, akaleta uji.

"Nimekuletea haya," Kasyoka alisema. "Ukijaribu tena, kazi itakuwa nyepesi."

Kiema alifungua daftari la juu, akasoma ukurasa mmoja akiwa amesimama. Kisha akalifunga, akalirudisha sandukuni taratibu.

"Nilijaribu mara moja. Watoto wakaingia sekondari," alisema. "Nenda nayo, Mwalimu. Nikiyaona kila siku yatanisumbua."

Walikunywa uji wakizungumza juu ya mvua.

Ndinda alimsindikiza hadi barabarani, akimsaidia kubeba sanduku. Walipolitua chini alisema bila hasira, "Siku ile alipoweka sahihi, aliniambia. Deni halikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba mimi hajawahi kuniambia hata siku moja kuna nini ndani ya vitabu."

Kasyoka alimshika mkono, wakasimama hivyo mpaka lori la kuelekea Mwingi lilipotokea, na Ndinda ndiye aliyelipungia lisimame.

Huko Makueni alifundisha historia hadi alipostaafu. Wanafunzi walimheshimu, walimu wenzake pia. Kiema hakujaribu tena, na Kasyoka hakurudi Nuu.