Nywele za Taiga

Tangu Munyiva alipong'atwa usoni, mbwa wa kijiji cha Lukenya hawakumbwekea tena.

Aligundua jambo hilo kabla hata bendeji haijatolewa. Alikuwa akipita kando ya boma la mwalimu mkuu, lenye mbwa watatu waliojulikana kwa kelele. Wote watatu waliinuka, wakamtazama, wakarudi nyuma polepole mpaka wakagusa ukuta. Hakuna aliyenguruma. Munyiva alisimama njiani amejishika shavu, na akawa na hakika kwamba hawakuwa wakimtazama yeye. Walikuwa wakitazama kitu kilichokuwa ndani ya shavu.

Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka wa 1997, naye alikuwa na miaka ishirini. Kila siku saa tano alibeba sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, akawauzia vijana waliochonga mawe kwenye machimbo ya Mzee Bartholomew. Njia ilipita mbele ya lango la mzee huyo. Siku aliyong'atwa lango lilikuwa wazi, na Taiga, mbwa wa mzee, mkubwa, mwekundu, mwenye nywele za ncha nyeupe shingoni, hakuwa amefungwa. Aliruka mara moja tu. Shavu la kushoto lilichanika kutoka chini ya jicho hadi pembe ya mdomo, likaning'inia kama kitambaa kilichonaswa na msumari.

Mjini walimshona, wakampa na tarehe za sindano tano za kichaa cha mbwa. Aliporudi nyumbani, nyanya yake Kanini, Susu wake aliyemlea tangu mama yake afariki, hakulia. Alifunga kanga yake, akachukua fimbo.

"Susu, unaenda wapi na jua hili?"

"Kwa mwenye mbwa."

Kanini aliamini kama walivyoamini watu wa rika lake, kwamba jeraha la mbwa haliponi mpaka lipakwe majivu ya nywele za mbwa yuleyule. Nywele hizo haziokotwi wala haziibwi. Mwenye mbwa huzitoa kwa mkono wake, na zikishatolewa lazima zichomwe zote. Zikibaki nzima, ubaya wa jeraha humrudia aliyezitoa.

Alirudi jioni na fundo dogo kwenye ncha ya kanga.

"Amekubali?" Munyiva aliuliza kwa upande wa mdomo uliokuwa mzima.

"Amemshika mbwa kichwa mwenyewe, mke wa mwanawe akakata kwa makasi. Yule Pauline."

"Mzee amesema pole?"

"Amesema tuzichome. Mara tatu amesema. Kanini, uzichome zote. Pole hajasema."

Nywele zilichomwa juu ya makaa, kwenye kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia. Munyiva aliona kwa macho yake zikijikunja, zikawa nyeusi, zikawa unga. Harufu yake ilikaa ndani ya nyumba siku mbili. Kanini alichanganya unga ule na mafuta, akainua bendeji, akaupaka kati ya nyuzi za daktari.

Kidonda kilifunga, lakini hakikupona. Kovu lilikuwa jekundu na la moto, na pembe ya mdomo ilivutwa juu, hata chai ikawa inamtoka kila anapokunywa. Ndani ya kovu kulikuwa na kitu kinachochoma. Siku nyingine kilitulia. Siku nyingine, hasa akikaribia machimbo, alikisikia kikigeuka, kama mtu anayegeuka usingizini. Hakumwambia mtu yeyote. Alinunua kitambaa kirefu, akajifunza kukifunga hadi puani. Muthokoi akaacha kuuza, maana vijana walinunua huku wakitazama pembeni.

Wakili Mbithi, ambaye ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Machakos, alimwandikia Mzee Bartholomew barua ya kudai fidia kwa niaba ya Munyiva. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Mzee alisema kwamba hakuwa na mbwa. Mbwa wake alikuwa amekufa mwezi wa pili, wiki nyingi kabla ya msichana huyo kuumwa. Alimwonea huruma, lakini Lukenya ina mbwa wengi wasio na wenyewe.

"Anasema mimi naota?" Munyiva aliuliza.

"Anasema huwezi kung'atwa na mbwa aliyekufa."

Munyiva alienda mwenyewe kutazama. Banda la Taiga lilikuwa limebomolewa, na mahali pale palikuwa na rundo la kokoto. Kovu lilimuuma njia nzima ya kurudi.

Tangu siku hiyo alijua anachotaka. Fidia ilikuwa ya kulipia daktari, na aliihitaji. Lakini kanisani Mzee Bartholomew alikaa benchi la mbele, na watu walikuwa wameanza kusema kwamba pengine msichana aliruka ua kuokota kuni, pengine aliyemng'ata alikuwa fisi, pengine kuna kitu kwao. Munyiva alitaka mzee huyo aseme kwa kinywa chake kwamba mbwa alikuwa wake.

Kesi ilipangwa kusikilizwa mwezi wa tisa, mwaka wa 1998. Mwezi wa sita, miezi mitatu kabla, hospitali ilimpa nafasi kwa Daktari Wagaki, mpasuaji wa nyuso aliyekuja kutoka Nairobi mara moja kwa mwaka.

Mbithi hakufurahi. "Dada, nikuambie ukweli. Hakimu akikuona hivi ulivyo, kesi iko na nguvu. Ukitengenezwa kwanza, ataona kovu dogo tu. Ngoja mwaka ujao."

"Mwaka ujao, aende na uso huu sokoni mwaka mzima?" Kanini alidakia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni na fimbo yake katikati ya magoti. "Wewe, kijana wa Mbithi, una picha zake kwenye hiyo faili. Waonyeshe picha. Huyu si picha, ni mtoto."

Mbithi alicheka bila kupenda. "Sawa, Susu. Lakini tukishindwa usinipige na hiyo fimbo."

"Nitaona."

Daktari Wagaki alilifungua kovu kwa dawa ya ganzi, Munyiva akiwa macho chini ya kitambaa cha kijani. Alisikia chuma kikigonga bakuli. Kisha daktari akamwambia muuguzi, kwa sauti ya chini sana, alete chupa ndogo yenye kifuniko.

"Munyiva," alisema baadaye, akikaa kwenye ukingo wa kitanda, "nani alikuwekea nywele ndani ya kidonda?"

Munyiva alimweleza. Hakuficha kitu.

"Majivu," daktari alirudia. "Sikiliza. Majivu nimeyaona, yameacha alama nyeusi. Lakini hizi si majivu."

Aliinua chupa kuelekea dirishani. Ndani mlikuwa na nywele saba, nyekundu, kila moja na ncha nyeupe. Zilikuwa nzima, tena zinang'aa, kana kwamba zimetoka kuchanwa asubuhi hiyo.

Kanini alipoonyeshwa ile chupa, alikaa chini.

"Nilizichoma," alisema. "Munyiva, si uliona?"

"Niliona, Susu."

"Zote nilizichoma." Aliigeuza chupa, akaitazama tena. "Basi zimekataa."

Kanini alikufa mwezi wa nane, mchana, akichambua kunde mlangoni. Munyiva alikuwa jikoni akizungumza naye, na alimaliza hadithi nzima kabla ya kuona kwamba hajibiwi. Kunde zilizochambuliwa zilikuwa upande mmoja wa ungo, zisizochambuliwa upande mwingine, na mkono ulikuwa katikati. Munyiva hakumruhusu mtu kuzichanganya. Alizipika zile safi. Zile nyingine alizihifadhi kwenye kopo, na bado anazo.

Wakati wa mazishi mbwa wa kijiji kizima walikuja, wakaketi mbali kidogo na kaburi, bila sauti. Watu waliwarushia mawe. Hawakuondoka.

"Tumempoteza shahidi," Mbithi alisema. Kisha akaona uso wa Munyiva, akaomba radhi. "Taarifa yake iko kwenye faili, lakini maandishi ya marehemu hayawezi kuulizwa maswali. Watasema yalitungwa. Na Pauline amekataa kuja. Anaishi katika boma la mzee, atafanya nini?"

"Tumebaki na nini?"

"Na daktari. Na hiyo chupa. Lakini nywele ni nywele, dada. Mbwa wekundu ni wengi."

Siku ya kesi Munyiva aliketi mbele bila kitambaa usoni, kwa mara ya kwanza. Uso ulikuwa umetulia, ijapokuwa upasuaji wa pili ulikuwa bado. Daktari Wagaki alitoa ushahidi wake asubuhi, akaiweka chupa mezani, ikaandikwa kuwa kielelezo. Hakuizungumzia zaidi ya alivyoulizwa.

Mzee Bartholomew alipanda kizimbani amevaa suti ya kahawia. Aliapa. Alisema mbwa wake alikufa mwezi wa pili kwa ugonjwa wa tumbo. Alisema Kanini hakuwahi kufika kwake. Sauti yake ilikuwa tulivu, na Munyiva aliona hakimu akiandika, akiitikia kwa kichwa.

Mbithi aliinuka na chupa mkononi. "Mzee, mbwa wako aliyekufa alikuwa wa rangi gani?"

"Mwekundu. Wako wengi."

"Hakika. Basi shika hii, utuambie kama zinafanana na zake. Daktari alizitoa kwenye shavu la msichana huyu."

Mzee aliinua macho kwa mara ya kwanza. Alitazama chupa. Mwanga wa dirisha uliingia ndani yake, na zile nywele saba zikaonekana mpaka benchi la nyuma, nzima, na ncha zao nyeupe. Aliirudisha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Siwezi kushika hiyo."

"Ni chupa tu, Mzee."

"Iondoe hapa."

"Shahidi ajibu swali," hakimu alisema.

"Mheshimiwa, aiondoe! Yule mama aliniahidi! Nilimwambia mara tatu, Kanini, uzichome zote, na akaapa atazichoma!"

Karani aliacha kuandika, kisha akakumbuka kazi yake, na kalamu ikaanza kukwaruza tena. Chini ya ngozi mpya ya shavu lake, Munyiva hakusikia kitu chochote, na hilo lilimtisha kuliko maumivu yote yaliyopita.

Hukumu ilitoka mwezi wa kumi na moja, ikampa Munyiva haki. Mzee alikuja mahakamani na plasta kwenye shavu la kushoto. Alisema amejikata akinyoa.

Muda wa rufaa ulipopita, karani alimrudishia Munyiva chupa yake. Aliiweka kwenye rafu, karibu na kopo la kunde. Juma lililofuata, saa nne asubuhi, Mzee Bartholomew alisimama kwenye ua wa Munyiva, peke yake, ameshikilia kitambaa usoni.

"Mjukuu wa Kanini."

"Karibu, Mzee."

"Sikai. Nimekuja kwa zile nywele." Alikishusha kitambaa. Kidonda kilikuwa kidogo kama nafaka ya hindi, lakini kilikuwa kibichi. "Miezi mitatu. Hakifungi. Usiku nasikia kikigeuka."

Munyiva alijua anachosema. Hakuna mtu mwingine Lukenya aliyejua.

"Ningeweza kuziacha hapo," alisema.

"Najua."

"Mbwa alikuwa wa nani?"

Mzee alitazama chini. "Korti si ilisema?"

"Korti ilisema. Wewe unasema nini?"

Kuku walipita kati yao. Mzee alipojibu, sauti yake ilikuwa ya mtu mzee kweli.

"Taiga alikuwa wangu. Sikumfunga siku ile, nilikuwa na haraka. Barua ya wakili ilipokuja nilimuua mwenyewe, nikamwagia kokoto juu. Pole, mama. Nilipaswa kumwambia Kanini, na sikumwambia."

Munyiva aliingia ndani, akatoka na makaa, chupa, na kile kifuniko cha mkebe. Alizimimina nywele. Zilikaa juu ya moto kwa muda mrefu bila kujikunja, mpaka akafikiri zitakataa tena. Kisha moja ikawa nyeusi, na nyingine, na harufu ile ya zamani ikajaa ua. Alisubiri mpaka ya mwisho ikawa unga. Mzee aliondoka bila kuaga.

Jioni Munyiva alienda dukani kununua chumvi. Alipofika kwenye boma la mwalimu mkuu, mbwa watatu waliinuka. Mmoja alimtazama, akainua pua. Kisha wote wakaruka kwenye ua wakibweka kama wazimu, na wa jirani wakaitikia, na wa mbali zaidi, mpaka kilima kizima kikawa kelele tupu.

Munyiva alisimama njiani, akalia. Alitaka kukimbia nyumbani kumwambia Susu.